Mkono wa Koko

Heroe walikuwa wengi ziwani asubuhi ile hata maji yakaonekana mekundu, lakini ufukwe wa kisiwa ulikuwa mtupu. Nkasiogi aliliona hilo mara tu mashua ilipotoka kwenye matete. Ndege walijazana huku na huku, wakisukumana na kugombana kama wanawake kisimani, ila kila kundi lililoelekea kisiwani lilikata njia ghafla likapita mbali. Alitaka kusema. Akanyamaza, maana mtumishi wa Mzungu hujifunza mapema kwamba mdomo wake ni wa kuitikia tu.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba, kimelala mbele ya ghuba ndogo ya ziwa mithili ya kizingiti cha mlango. Upande wa nje mawimbi mepesi yalipiga mchanga wa kijivu uliochanganyika na magadi meupe. Upande wa ndani maji yalitulia, meusi. Hakuna mbuzi aliyewahi kulishwa pale, wala kuni zilizokatwa. Watu wote wa Momela, Wameru kwa Waarusha, walikitazama kwa mbali wakaendelea na shughuli zao.

Lakini Wazungu wana ugonjwa wao mmoja: wakiona mahali watu wasipokwenda, hawaulizi kwa nini, wanauliza mashua iko wapi. Miaka ile Wajerumani walikuwa wameshajenga boma lao la mawe pale Arusha, na mmoja wao, ambaye watu walimwita Bwana Miwani, alikuwa na shamba huko Momela, chini ya Mlima Meru. Bwana Miwani hakuwa mkali kama wenzake. Ubaya wake ulikuwa udadisi. Tangu alipodokezwa kwamba kisiwani kuna marundo ya mawe ya watu wa zamani hakupata usingizi mzuri, na Jumapili moja akaamuru chakula kifungwe kapuni. Watakwenda kutembea, watakula huko mchana, jioni watarudi.

Wakapanda mashua. Alikuwemo Feruzi, mpishi, mtu wa Pangani mwenye kanzu safi na maneno mengi. Aliyepiga makasia alikuwa Eliasi, Mmeru aliyebatizwa misheni, na mkewe ndiye huyo Nkasiogi, Mwarusha, aliyebeba vibuyu vya maji ya kunywa kwa kuwa maji ya ziwa lile ni chumvi tupu. Baina ya magoti yake alikaa binti yao Nasieku, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Walimchukua kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia.

Watoto wengine huachwa kwa bibi zao. Nasieku hakuwa na bibi. Mama yake Eliasi alikuwa ameshafariki, na Nkasiogi hakumjua aliyemzaa. Mwaka wa sotoka na ndui, ng'ombe walipokwisha na watu wakafuatia, wanawake wa Kiarusha waliokwenda kuchota magadi walimkuta kwenye matete ya ziwa, mtoto mdogo, amelowa chapachapa, hana hata ushanga shingoni wa kumtambulisha ukoo. Wakamchukua, wakamlea, wakampa jina. Walimpenda kiasi, na mtoto anayependwa kiasi hujua.

Ndiyo maana Nkasiogi alimlea binti yake kwa adabu kupita watoto wote wa shambani. Kwa Waarusha mtoto hamsalimii mkubwa kwa mdomo tu. Husogea, huinamisha kichwa, hungoja. Mkubwa humwekea mkono utosini, humwitikia, kisha huuondoa mkono wake mwenyewe, mtoto hajiondoi. Nasieku alikuwa hodari wa jambo hilo hata wazee wapita njia walimsifu, na kila aliposifiwa, mama yake alijisikia kama amepewa ng'ombe. Asiye na bibi, aliwaza, na asalimie bibi wote wa nchi.

Walipofika Bwana Miwani alivua viatu akakimbia mchangani akicheka peke yake. Mahali penyewe palikuwa pazuri, hilo lazima lisemwe. Mchanga haukuwa na alama ya mguu, nyasi zilifika kiunoni, na ng'ambo ya maji Mlima Meru ulisimama umejifunga wingu. Feruzi aliwasha moto, akalalamika kwamba kuni za bara hazina heshima, akaanza kuchoma kuku. Bwana Miwani akamchukua Eliasi kwenda kuyaangalia mawe.

Eliasi aliporudi kuchukua maji, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni mengi?" Nkasiogi akamwuliza.

"Mengi. Na mengine mafupi." Akashusha kiganja karibu na ardhi. "Ya watoto."

"Baba Nasieku, punguza sauti."

Akapunguza. "Aliyeyapanga ni mtu mmoja. Unaona kabisa ni mkono mmoja, jiwe kubwa upande wa mlima, madogo upande wa maji, kila rundo vilevile. Sasa najiuliza, Mama Nasieku. Huyo aliyewapangia wenzake wote, yeye alipangiwa na nani? Maana la mwisho halipo."

Hakungoja jibu. Bwana alikuwa anamwita.

Harufu ndiyo iliyomwinua Nkasiogi pale alipokuwa amekaa. Ilikuwa harufu ya kibuyu cha maziwa kilichotoka kufukizwa moshi, harufu ya kila nyumba ya Kiarusha asubuhi, harufu nzuri kabisa. Ila hapakuwa na nyumba pale, wala ng'ombe, na upepo ulitoka majini. Akageuka amwambie Nasieku asogee karibu. Nasieku hakuwepo.

Alipita kwenye nyasi bila kukimbia, kwa sababu mtu akikimbia ameshakubali kwamba kuna jambo. Akamkuta mtoto upande wa ndani wa kisiwa, kwenye ukingo wa yale maji meusi, amesimama wima, mikono ameishusha, kichwa amekiinamisha. Mbele yake hapakuwa na mtu. Nkasiogi alitaka kucheka, akasema moyoni mtoto anacheza, mtoto anasalimia hewa, kisha akaona kwamba nywele za Nasieku, ambazo alikuwa amechelewa kuzinyoa, zimebonyea pale utosini, na kwamba zilipobonyea palikuwa na nafasi tano nyembamba, na nafasi hizo zilikuwa zinasogea polepole, mbele na nyuma, jinsi vidole vya mtu mzima vinavyochezea kichwa cha mtoto anayempenda.

Firimbi ya Bwana Miwani ikalia. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani na mashua ilitakiwa kuondoka.

"Nasieku! Njoo!"

Mtoto hakujiondoa. Alifunzwa hivyo.

"Nasieku, nimekwambia njoo hapa!"

Basi yule mtoto, aliyewekwa baina ya heshima mbili, akamchagua mama yake. Akajichomoa, akaja mbio, lakini kichwa bado kimeinama, macho yakiangalia miguu yake mwenyewe.

"Yeyo," akasema kwa sauti ya chini, maana yeyo ndilo neno walilomwitia mama, "koko hajamaliza."

Koko ni bibi. Nkasiogi alimbeba akakimbia naye, na safari hii hakujali tena kukimbia maana yake nini.

Jioni ile Nasieku alikunywa uji ameinama. Asubuhi yake alikwenda kisimani ameinama. Feruzi alimtania kwamba ameangusha jino anatafuta, lakini siku zilipopita utani ukamwisha, kwa sababu kichwa kilikuwa kinashuka. Mtoto hakulia maumivu. Alisema ni kizito tu. Utosini pakatoka alama nyeupe ya magadi, kiganja na vidole vyake, na Nkasiogi aliiosha kwa maji ya moto, akaisugua kwa siagi, akanyoa nywele zote kwa wembe wa Bwana. Kichwa kikikauka tu ilirudi palepale, mbichi, yenye unyevu kana kwamba mwenye mkono ametoka kunawa sasa hivi.

"Nani anakushika, mwanangu?"

"Koko."

"Anakuumiza?"

"Hapana. Anasema nina adabu." Mtoto akajishika shingo kwa mikono miwili. "Anasema hakuna aliyekwenda kumsalimia siku nyingi. Yeyo, shingo imechoka."

Mwalimu wa misheni alikuja akaomba naye, na Eliasi alipiga magoti mpaka yakachubuka. Feruzi akamvuta Nkasiogi nyuma ya jiko.

"Shemeji, hili ni jini la maji," akanong'ona. "Sisi Pangani tunayajua kwa majina na makabila yao. Haya ya huku bara ni majinga, hata salamu hayajui, lakini kombe halikatai jini lolote."

Akaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akaisuza, akamnywesha mtoto. Akachoma ubani hata jiko zima likawa na moshi. Wakangoja. Katikati ya moshi ule, taratibu, ikaanza kupenya harufu ya kibuyu cha maziwa, ikaushinda ubani, ikakijaza chumba, na kichwa cha Nasieku kikashuka tena kwa mshindo mdogo, kama mtu amekikandamiza kwa hasira. Feruzi aliacha sahani yake akatoka nje. La kuvunda halina ubani. Tangu siku hiyo alipikia uani, mvua na jua.

Sasa kidevu kilikuwa kinakaribia kifua, na pumzi ya mtoto ilipita kwa mluzi. Nkasiogi alijua hesabu ya jambo lile bila kuambiwa na mtu: kidevu kikifika kifuani, pumzi haitapita.

Huko Olasiti, mbali upande wa pili wa Arusha, alikuwepo mzee Lesikar, oloiboni, mganga ambaye hata waliobatizwa walimfuata wakiwa wamejifunika shuka usoni. Eliasi hakujifunika. Alimbeba binti yake mgongoni akatangulia, Nkasiogi nyuma yake. Safari ile ndiyo iliyowafundisha jambo jipya la kutisha. Kila walivyozidi kuliacha ziwa nyuma, ndivyo kichwa kilivyozidi kuwa kizito. Walipopita chini ya boma Eliasi alikuwa anatembea amepinda kama aliyebeba gunia la mahindi mabichi, na huo mzigo wote ulikuwa kichwa kimoja cha mtoto kilichomlalia begani, kikidondosha maji ya chumvi yaliyomwingia shingoni na kumwasha.

Lesikar hakutupa vijiwe vyake vya ramli. Alichungulia ile alama, akanusa, akajifuta pua kwa haraka.

"Mmemtoa wapi?"

Wakamweleza kisiwa. Mzee akasema polepole, "Mwaka wa ndui wagonjwa walivushwa kule kwa matete yaliyofungwa, wasiambukize wazima. Wengi walikuwa watoto. Bibi mmoja aliyeugua ndui zamani akapona, alikubali kwenda kukaa nao. Akaambiwa atarudiwa. Hakuna aliyemrudia. Nasikia alimpangia mawe kila aliyekufa."

"Mfukuze, mzee wangu," akasema Eliasi. "Nakusihi."

"Anayefukuzwa ni mgeni. Huyu amesalimiwa, akaitikia. Ameshakuwa mtu wa nyumbani kwenu." Akamgeukia Nkasiogi. "Wewe. Mkubwa akiwa ameshika kichwa cha mtoto, nani anaruhusiwa kumwita yule mtoto?"

Nkasiogi akamtazama binti yake. "Hakuna."

"Wewe ulimwita."

"Nilimwita." Machozi yakamtoka. "Nilimwita mara mbili."

"Basi salamu imebaki wazi. Mtoto ameondoka, mkono haujaondoka. Utamfuata na kumfuata, na kwa kuwa hajaachiwa utazidi kumlemea mpaka umrudishe pale ulipomshika." Akainua mkono wake mzee, akautazama. "Lakini baina ya bibi na mjukuu kuna mama. Mahali pako pako wazi. Mrudishe mtoto palepale, usimame wewe, uinamishe kichwa chako. Atakuuliza wewe ni wa nani."

"Mimi sijui mimi ni wa nani."

"Mwambie hivyohivyo. Aliyekufa hadanganyiki. Akikushika, usijiondoe. Mtoto akilia, usijiondoe. Ngoja akuachie mwenyewe."

"Na asiponiachia?"

Lesikar akamtazama Nasieku, kile kidevu na kile kifua, na upenyo mwembamba uliobaki kati yake.

"Utakuwa umebaki wewe badala yake," akasema. "Si ndilo ulilokuja kuliuliza?"

Walirudi Momela kwa haraka, na kila walivyokaribia ziwa mzigo ulipungua, jambo lililomtia Nkasiogi hofu kuliko uzito wenyewe. Eliasi aliifungua mashua ya Bwana bila ruhusa. Ilikuwa alasiri, ukungu umelala juu ya maji, na heroe hawakuonekana ila walisikika, mlio wao wa chini kwa chini kama watu wanaosengenya chumba cha pili.

"Mama Nasieku," akasema Eliasi katikati ya ziwa, "nikikwambia turudi utakubali?"

"Hapana."

"Najua." Akapiga kasia. "Nimeuliza tu ili nisije nikajilaumu kwamba sikuuliza."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nkasiogi alimshika binti yake mkono akapita naye kwenye nyasi, kando ya marundo makubwa na marundo mafupi, na hapa ndipo alipogundua kwamba mlio wa heroe umekatika wote kwa pamoja, na mawimbi hayapigi tena mchanga, na kwamba kitu pekee kinachosikika duniani ni mluzi wa pumzi ya Nasieku, na hata huo mluzi, wakiteremka kuelekea yale maji meusi, ulianza kubadilika, ukawa na kituo na mpandisho, ukawa wimbo wa kubembeleza ambao Nkasiogi hakukumbuka kufundishwa na mtu yeyote lakini aliyajua maneno yake yote kabla hayajatamkwa. Akasimama ubavuni mwa mtoto. Akainamisha kichwa.

Harufu ya kibuyu ikamjia usoni.

"Wewe ni wa nani?"

Sauti ilitoka kinywani mwa Nasieku, lakini ilikuwa sauti ya mtu ambaye koo lake limekaushwa na chumvi.

"Sijui," akasema Nkasiogi. "Sijui, koko. Niliokotwa. Kule ng'ambo kwenye matete, mwaka wa ndui. Nilikuwa nimelowa. Sina la kusema zaidi ya hilo, na kama halitoshi nichukue, lakini huyu mwache, hakukosa, mwenye kosa ni mimi niliyemwita."

Mtoto hakupumua. Nkasiogi alihesabu moyoni kwamba sasa anampoteza, alitamani kumnyakua, na alijizuia kwa kung'ata ulimi mpaka ukatoa damu.

"Matete niliyafunga mimi," ikasema ile sauti. "Wewe ulikuwa huna kipele hata kimoja. Nikakuweka juu, nikakusukuma. Nikakwambia usilie."

Nasieku akavuta pumzi ndefu, akainua kichwa, akaliona anga. Na papo hapo mkono ukashuka juu ya kichwa cha Nkasiogi.

Ulikuwa wa baridi, mdogo, mwepesi wa mifupa, unadondosha maji. Alitegemea hofu, na hofu ilikuwepo; lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikutajwa na Lesikar. Mkono ule ulimjua. Ulipita nyuma ya sikio pale penye kovu dogo ambalo hakuwahi kujua limetoka wapi, ukasimama hapo, ukapapasa. Tangu azaliwe hakuwahi kuguswa na mtu wa damu yake aliye mkubwa kuliko yeye. Akalia kama mtoto. Alimsikia Nasieku akikimbia kwenye nyasi, akamsikia akiita "Yeyo! Yeyo, njoo!" kutoka mashuani, mara nyingi, sauti ikipasuka, na jambo la kutisha kuliko yote ya siku ile ni kwamba hakuhitaji kujizuia. Hakutaka kwenda. Maji meusi yalikuwa yamefika magotini na hakujua ameingia saa ngapi, yakafika kiunoni, na alijiona yuko tayari kulala humo, kwa sababu mwishowe alikuwa ni wa mtu.

Aliyemwokoa alikuwa koko mwenyewe. Mkono uliinuka.

"Nenda," ikasema sauti, na sasa haikuwa na kinywa. "Una mtoto. Kesho uje unisalimie. Mjukuu mwema humsalimia bibi yake kila asubuhi."

Eliasi alimkuta ukingoni, amelowa mpaka kifuani, akicheka na kulia. Utosini alikuwa na alama nyeupe. Nasieku hakuwa nayo tena.

Basi kila asubuhi, kabla jua halijakausha umande, Nkasiogi alishuka kwenye matete, akasimama akielekea kisiwa, akainama, akangoja, akarudi akidondosha maji kichwani kukamua ng'ombe. Mara moja Eliasi alijaribu kuwahamishia Nkoaranga, kwa ndugu zake, penye migomba na kengele ya kanisa. Asubuhi ya kwanza pale shingo ya mkewe ilipinda, mchana alitambaa, alasiri Eliasi alimbeba akamrudisha, na hawakulizungumza tena. Feruzi alirudi kwao Pangani. Vita vya Wazungu vilipokuja Bwana Miwani aliondoka na askari, nyumba yake ikaota nyasi mlangoni. Wao wakabaki. Nasieku alikua, mrefu, shingo imenyooka, na watu walianza kuja kumposa. Nkasiogi alipomtazama binti yake akipita na mtungi kichwani, alijiambia amenunua kitu cha thamani na bei yake si kubwa.

Kisha kikohozi kikamwanza, kile kikavu cha kifua, kwa sababu mwili wa mtu haukuumbwa kuloweshwa kila alfajiri. Asubuhi moja ya baridi alirudi kutoka ziwani akakaa karibu na moto, anatetemeka, na Nasieku akampa uji.

"Yeyo," akasema binti, akichochea kuni, "siku ukifa, nani atakwenda kumsalimia koko?"

Nkasiogi akashusha kibuyu chake. "Nani amekufundisha kuuliza maneno hayo?"

"Yeye mwenyewe," akasema Nasieku. "Jana alinikuta kisimani, akaniuliza."

Nkasiogi hakumaliza uji. Aliinuka, akajifunga shuka yake mbichi iliyokuwa bado inachuruzika, akatoka akikohoa kuelekea kwenye matete. Siku ile alikwenda kusalimia mara mbili.